Hakuna Anayekamua Mbogo

Sake, jioni ya kuamkia safari yako

Neema mwanangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na baba yako yuko nyuma ya nyumba anapigilia misumari ya mwisho kwenye sanduku lako. Mimi nimekaa barazani, mahali ambapo mwanga bado unatosha. Juma lote nimejaribu kuianza barua hii, na kila mara nikajikuta nachora pembeni ya karatasi badala ya kuandika. Ukiona kuku hapo juu, msamehe. Alipita.

Habari za sabuni, blanketi na maji ya kuchemsha, shangazi yako ameshakueleza, tena kwa sauti iliyosikika hadi sokoni. Mimi sina la kuongeza. Nataka nikuambie habari za kazi yangu. Najua umekulia ndani yake, umeniona na rangi kwenye viwiko tangu ulipoanza kutambaa. Lakini mambo makubwa yalipotokea ulikuwa bado mdogo, na mengi umeyasikia kwa baba yako, ambaye kila akisimulia safari yoyote lazima aitie mvua. Sasa unakwenda Bukavu kujifunza uchapaji, kupanga herufi na kuendesha mashine, msichana peke yako katikati ya wanaume. Mlango utakaouingia, mimi niliuingia kabla yako. Ni haki yako ujue ilikuwaje.

Mimi ni mtoto wa Muheto, hilo unalijua. Wazee wangu walilima maharage na muhogo kama kila mtu pale mlimani. Mama yangu, nyanya yako, alikuwa pia akisuka mikeka, na nyuzi zake nyeusi alizipika kwenye tope la bondeni pamoja na majani mpaka zikawa nyeusi kama chungu. Hakuwahi kunifundisha kwa maneno mengi. Akimaliza mkeka aliutandaza uani, akaniita, akauliza, "Jicho lako linaenda wapi kwanza?" Nikimwonyesha mahali ambapo hakukusudia, aliufumua upande ule na kuanza tena. Nilikuwa naona ni ukaidi tu wa mama.

Shuleni kwa masera, watawa wa misheni, tulifundishwa katekisimu, kufua na kudarizi. Nilipenda kudarizi, lakini nilipenda zaidi kuchora michoro ambayo wengine wangeidarizi. Masera mmoja mzee alikuwa ananiwekea vipande vya penseli mfukoni mwa aproni yake. Hakuniambia kwamba nina kipaji. Alisema, "Zawadi, mkono wako hauwezi kukaa bure, basi tuupe kazi." Mpaka leo sijasikia sifa iliyonifaa zaidi.

Kisha nikaolewa na baba yako, fundi seremala, tukahamia hapa Sake. Alitengeneza masanduku ya maharusi, mimi nikayachora pembe zake kwa mistari ya mikeka ya Muheto. Watu wakaanza kuagiza: "Simeo, nataka ile ya mwanamuke wako." Baba yako hakuona haya hata kidogo. Alikuwa anawaambia, "Mbao ni zangu, macho ni yake." Kutoka masanduku nikaenda kwenye viti vya kanisa, kutoka viti nikaenda kwenye vibao vya maduka.

Nikuambie kibao cha kwanza. Kinyozi wa njia panda alitaka ubao wenye mkono ulioshika wembe na neno KINYOZI chini yake. Mkono ule niliuchora ukakaa kama mkono wa mtu hai, na kwa furaha ya mkono nikaanza herufi kwa ukubwa mno. Nilipofika kwenye Z, ubao ulikuwa umekwisha. Kinyozi akaja, akahesabu herufi kwa kidole.

"Mama, ile ya mwisho iko wapi?"

"Ubao umeisha," nikasema.

"Sasa mimi njo nitaitwa Kinyoz?"

Nilijitolea kurudia kazi yote. Baada ya siku chache akakataa. Watu walikuwa wanakuja kucheka ubao, na wakishacheka wanakaa kunyolewa. Mpaka leo watu wa rika langu hapa Sake wanamwita hivyo. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini nyumbani nilijitia adabu: tangu siku ile sijagusa rangi kabla ya kupima nafasi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wewe utakayepanga herufi za madini ya risasi, lielewe hili kuliko mwingine yeyote.

Ubao ule wenye kasoro ndio ulionifungulia dunia. Miezi michache baada ya uhuru, mkaguzi mmoja wa shule, mtu wa kwetu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipasukiwa na gurudumu pale njia panda. Wakati wanalirekebisha alisimama mbele ya kinyozi akitazama juu. Baba yako alikuwa pale ananyolewa.

"Papa," mkaguzi akauliza, "nani alichora ile mukono?"

"Mwanamuke wangu."

"Mwanamuke wako?"

"Njo vile. Ile mukono ni yake. Na ile kosa ya herufi pia ni yake."

Wakaja nyumbani pamoja. Mkaguzi akatoa kwenye mkoba kitabu cha kusoma cha mwaka wa kwanza, kile kilichotumika siku zote. Wewe hukukisoma, Mungu ni mwema. Kulikuwa na mtoto aliyevaa kofia ya sufu, nyumba inayotoa moshi kwenye paa, na tunda ambalo hakuna mtoto wa huku kwetu Masisi aliyewahi kulitia mdomoni. Akaniambia shule zinataka kitabu kipya cha Kiswahili, chenye maisha yetu ndani. Maneno alikuwa nayo. Alikosa wa kuchora.

"Unaweza kuchora kitabu muzima, Mama?"

Sikuwahi kuchora hata kurasa tano zinazofuatana. Nikasema naweza.

Nilichora miezi mingi, kwenye meza ya baba yako, maranda yakianguka juu ya karatasi. Nilichora kila nilichokuwa nacho machoni: milima iliyofunikwa na ukungu, mashamba ya maharage, mianzi, jembe, mama anatwanga, ng'ombe malishoni. Niliona ni kazi ya ajabu, na kweli haikuwa mbaya. Siku mkaguzi alipokuja kuiona alifurahi, kisha akasema jambo kama la kupita tu: kitabu kitatumika pia kule msituni Walikale, mpaka Pinga.

"Sawa," nikajibu.

Alipoondoka baba yako akaniuliza, "Pinga wewe unakujua?"

"Ng'ombe ni ng'ombe popote," nikasema.

"Sisi hatujafika kule. Twende tuone."

Nilikasirika. Unanijua nikikasirika, nanyamaza na kufagia. Lakini alikuwa sahihi, na nilijua. Tukakuacha Muheto kwa nyanya yako, tukapanda kamio, lori la mizigo, mpaka pale barabara iliposhindwa, tukaendelea kwa miguu ndani ya msitu. Hapa ndipo baba yako huongeza mvua. Kusema kweli jua lilikuwa linawaka sana.

Pinga palikuwa na shule ya udongo na mwalimu kijana aliyetupokea kwa mikono miwili. Alizitundika kurasa zangu kwenye ukuta wa darasa. Mimi nikakaa nyuma, nimevaa kikwembe changu kizuri cha kitenge, nangoja kusifiwa. Mwalimu akaonyesha ile ya ng'ombe.

"Hii ni nini?"

Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Mbogo."

Mwalimu akajaribu kuwasaidia. "Angalieni muzuri. Iko mbogo kweli?"

Binti mmoja wa mbele akasema, "Iko mbogo, mwalimu. Lakini huyu amekonda."

Walikuwa watoto wa msituni. Walichokijua chenye pembe na ukubwa ule ni mbogo, nyati wa msituni, ambaye wakimwona wanapanda mti. Wangesoma ukurasa wangu mwaka mzima na kujifunza herufi ya uongo, M mahali pa N. Mistari yangu ya shamba la maharage walisema ni mto. Ukungu wangu, niliokuwa najivunia kuliko vyote, walisema ni moshi, kuna kijiji kinaungua. Nilitamani kuzibandua karatasi zangu, nizikunje, nirudi nyumbani. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya shule.

Neema, nimefanya makosa mengi kwenye kazi, lakini lile ndilo lililonifanya mchoraji. Nilikuwa nimekaa juu ya kilima changu nikidhani naona nchi nzima. Wale watoto hawakunidharau. Walisema tu walichokiona, kama vile mama alivyotaka niseme alipotandaza mkeka uani. Pale nyuma ya shule ndipo nilipomwelewa.

Asubuhi iliyofuata nikawaomba akina mama wa Pinga wanichukue popote wanapokwenda. Walinipeleka kuvua. Wanafunga kijito kwa miti na udongo, kisha wote wanaingia na vikapu kuyachota maji mpaka samaki wanabaki wanarukaruka kwenye tope. Nilipewa kikapu na mimi. Niliteleza, nikakaa ndani ya tope mpaka kifuani, na wakacheka mpaka mmoja akaangusha samaki wake. Mama aliyekuwa kiongozi wao akaninyanyua.

"Sasa unaweza kutuchora," akasema. "Umetujua kuanzia chini."

Nilichora vijito, vikapu, mitego, madaraja ya kamba za msituni, mawese, wale wanawake walioinama migongo yao inang'aa. Kila picha niliwaonyesha kwanza, na walipokosea kuisoma, nilirudia. Ng'ombe alibaki tatizo. Watoto wa Masisi wangemlilia, nisingeweza kumtoa. Ni baba yako aliyetatua, tumekaa tunakula ndizi za kuchoma.

"Muweke muntu anamukamua," akasema. "Nani anaweza kukamua mbogo?"

Nikamchora mtu amechuchumaa na kibuyu cha maziwa. Mwalimu akaitundika. Yule binti wa mbele akaisogelea, akasema polepole, "Haiko mbogo. Mbogo hakubali." Nilimshika baba yako mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo halifanywi Pinga wala Masisi.

Nikurudishe kidogo kwako. Tulipofika Muheto kukuchukua, ulikuwa umekaa mlangoni na nyanya yako mnachambua maharage. Hukunikimbilia. Uliniangalia na mzigo wangu kichwani, ukauliza, "Mama, uko unaenda tena lini?" Sikuwa nimeutua hata mzigo. Ndugu za baba yako walikuwa tayari wanasema mwanamke anayezungukazunguka na karatasi amemtupa mtoto. Maneno yao niliweza kuyabeba. Swali lako lilikuwa zito zaidi. Niliendelea kwenda. Niliendelea kurudi pia. Ukiwa na kazi unayoipenda na watu unaowapenda, utapungukiwa upande mmoja mara nyingi. Usimwamini anayekuambia kuna namna ya kulikwepa hilo. Lakini angalia tena ukurasa wa kitabu wenye neno "soma". Yule msichana aliyekunja uso juu ya herufi ni wewe, uani kwa nyanya yako. Nilikuchora jioni ile ile, na hukutaka kukaa kimya.

Picha zikatumwa Bukavu kuchapwa. Baada ya muda mkaguzi akaniletea karatasi za majaribio, zile zinazopigwa kabla ya kuchapa kitabu chenyewe. Nilizifungua hapa barazani. Michoro haikuwa yangu. Mtu mwingine alikuwa ameichora upya. Akina mama wa Pinga walikuwa wametolewa majini, wamepangwa ukingoni na magauni makavu, wanaangalia wanaume wakivua. Nyuso zote zilifanana, pua nyembamba, kama wamezaliwa na mama mmoja wa mbali sana.

Mkaguzi alikuwa na huzuni. "Mama Zawadi, klishe zimeisha kutengenezwa." Klishe ni zile bamba za zinki zinazobeba picha, utazijua mpaka uzichoke. "Tukizirudia, kitabu kitachelewa masomo kufunguliwa. Pengine watarudisha kile cha zamani."

Nikapanda kamio ya Minova kwenda Bukavu, peke yangu, na michoro yangu ya kwanza imefungwa kwenye kikwembe.

Mwenye nyumba ile ya uchapaji wakati huo alikuwa mzungu mmoja mzee, mwenye wino kwenye ndevu. Alishangaa kuniona, nadhani hakujua mchoraji ni mwanamke. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, tumezisafisha tu," akasema.

"Wale wanawake wanaingia majini," nikasema. "Ukiwatoa majini, hakuna samaki."

"Ni picha tu ya watoto."

"Njo maana. Watoto wa Pinga wataangalia hii picha na kusema kitabu kinadanganya. Wakisema hivyo ku ukurasa wa tatu, hawatasoma wa nne."

Akainua mikono. Kwenye meza ya karibu alikuwa kijana mpanga herufi, jina lake Anselme, ambaye sasa ndiye msimamizi atakayekupokea wewe. Bila kuinua kichwa akasema, "Mama, naomba nione zile zako za kwanza."

Nikazifungua. Aliziangalia kwa makini, akapitisha kidole juu ya ukungu wangu, juu ya vivuli nilivyovifuma kwa penseli nyembamba kama utando wa buibui.

"Hizi ni nzuri," akasema. "Lakini mashine yetu iko muzee. Mistari nyembamba inaikula yote. Mesie huyu aliagiza zirudiwe kwa sababu zako zilitoka nyeusi tupu, kama mutu amemwaga wino. Shida ni kwamba aliyezirudia hakuwahi kufika kwenu."

Ukweli ule sikuutegemea. Nilikuja na hasira yangu yote iliyoiva, na nusu ya kosa ikawa yangu: nilichora kwa ajili ya karatasi yangu, nikasahau mashine. Ningeweza kulia, au ningeweza kusema wazungu ni hivi na vile na kurudi nyumbani na heshima yangu. Badala yake nikamwuliza, "Mashine yenu inapenda mistari gani?"

Anselme akacheka. "Minene. Nyeusi na nyeupe, na nafasi ya kupumua katikati."

Ilikuwa kana kwamba mtu amenitandazia mkeka wa Muheto. Nyeusi na nyeupe, na nafasi ya kupumua: ndivyo mama yangu alivyosuka maisha yake yote. Nikaomba wino na burashi. Mzee akasema, haya, jaribu moja, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kwenye kazi yake. Nikakaa kwenye kona ya meza ya Anselme nikachora kijito kile kile, bila kivuli, bila utando. Mgongo wa mama wa Pinga niliuweka kwa mstari mmoja tu, kutoka shingo mpaka kiunoni. Nilijua unavyopinda kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake, maji yakiwa magotini.

Walitengeneza klishe ya ile moja, wakaipiga. Karatasi ilipotoka, mashine zote zilikuwa zimesimama kidogo, wafanyakazi wamesogea. Mzee aliishika kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyoweka chakula.

"Zote," akasema. "Fanya zote hivi. Tutangoja."

Nilikaa Bukavu mpaka nikazimaliza. Vidole viliniuma hata nikashindwa kushika kijiko, na mke wa Anselme, mama mwenye roho nzuri, alinisongea ugali na kunikatia matonge. Siku ya mwisho, Anselme akiwa anapanga ukurasa wa mwisho, akaniuliza, "Mama, jina lako linaandikwaje?"

"La nini?"

"Kuna fasi tupu hapa chini."

Nikamtajia. Akaokota herufi moja moja kutoka kwenye visanduku vyake na kuzipanga mbele yangu, kichwa chini miguu juu, kama zinavyopangwa. Nilisoma jina langu kinyumenyume likiwa la risasi, zito. Mzee alipopita aliliona. Akaliangalia, akaendelea na njia yake.

Kitabu kilifika kabla ya masomo kufunguliwa. Nilikipeleka Muheto mwenyewe. Nyanya yako hakujua kusoma. Alikishika, akafungua katikati, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akasema, "Jicho langu linaenda kwa huyu mama anayeinama. Ulitaka liende hapo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi hakuna cha kufumua." Usinilaumu nikikuambia kwamba nimepokea sifa za wakubwa tangu hapo, na hakuna iliyokaa kifuani namna ile.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Ile miaka mibaya tulipokimbia vita, tukarudi tukakuta nyumba tupu na michoro yangu yote imewashiwa moto wa kupikia, ulinisikia nikisema nimekwisha. Sikuwa nimekwisha. Nilianza na ubao wa fundi baiskeli, na safari hii herufi zilienea. Nikachora kuta za dispansari, mavazi ya watoto kwenye sikukuu ya shule, kitambaa cha altare ya kanisa. Na kikwembe kile, mama yangu wee, hicho lazima nikiandike.

Mfanyabiashara wa vitambaa alitaka mchoro wa kikwembe wenye kitu cha kwetu. Nikamchorea viti vya mbao, vile vya baba yako, vikubwa, kati ya maua ya maharage. Kwenye karatasi vilipendeza mno. Nilisahau kwamba karatasi haina mwili. Siku wanawake walipovifunga kwa mara ya kwanza sokoni, kila kiti kilikuja kukaa sawasawa kwenye makalio. Nilijificha nyuma ya magunia ya viazi. Lakini akina mama wa soko wana akili kuliko aibu yangu, kabla ya saa sita walishakibatiza jina: "Karibu Ukae." Kikaisha chote. Walikuja kukitafuta kutoka Goma, kutoka Minova, mabibi harusi walikifunga mbele ya wakwe zao na wakwe wakacheka. Siku ile nilitembea katikati ya soko na kuona kazi yangu inatembea mbele yangu, nyuma yangu, inajadiliana bei ya dagaa. Nilijisikia mtu mrefu.

Ndiyo sababu sina hofu na wewe. Wengine wananiuliza kwa nini mtoto wa Zawadi hachori. Wewe mwenyewe mwaka jana uliniambia, ukitazama chini, kwamba unapenda mashine kuliko penseli, na ukangoja nivunjike. Neema, nilipokuwa kwenye kona ya ile meza, aliyeniokoa ni mtu aliyejua mashine na akawa na moyo wa kuniambia ukweli. Nchi hii ina wachoraji wengi ambao hawajakutana naye bado. Nenda ukawe huyo.

Watakapokucheka mwanzoni, na watacheka, uwe na subira mpaka kazi itoke kwenye mashine. Ukiona kasoro kwenye kazi ya mwingine, mwambie jinsi Anselme alivyoniambia: shika kazi yake kwanza, iangalie vizuri, kisha sema. Na ikiwa kasoro ni yako, usipoteze muda kuipamba.

Jua linashuka nyuma ya milima na baba yako ameacha kupiga misumari, kwa hiyo nikumalizie. Kesho asubuhi ni yeye atakayekupeleka kwenye kamio. Mimi sitakuwepo, na sitaki ulitafsiri vibaya. Unajua wamenipa ukuta wa mbele wa shule mpya ya wasichana, ule unaotazama barabara ya Minova, ukuta mkubwa kuliko wowote niliowahi kuugusa. Fundi atapaka chokaa alfajiri, na rangi lazima iingie chokaa ikiwa mbichi, la sivyo haishiki. Nitakuwa juu kabisa kwenye jukwaa la miti, na nikishuka nimeupoteza ukuta.

Kamio yako itapita chini yangu. Usimwambie dereva asimame. Simama wewe juu ya mizigo, ujishike vizuri, na umwambie aliye karibu nawe, hata kama humjui: yule kule juu ni mama yangu. Kisha geuka uangalie mbele, maana ile barabara ina mashimo.

Mama yako,
Zawadi